Zumbe Asiyeeleweka: Mhadhara wa Mbobezi wa Kujitegemea, Lushoto

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye nimemteua mwenyewe baada ya kuona hakuna aliyejitokeza, waheshimiwa wazee, shehe, mwinjilisti, akina mama mliokuja mkidhani hapa panagawiwa mbegu za kabichi, vijana mliofuata joto la jiko la mkaa, itifaki imezingatiwa.

Naomba nianze kwa kumpongeza mzungumzaji. Ni nadra wilaya kutembelewa na mtu aliyesoma riwaya za ndoa za kupangwa kwa kina nilichozisoma mimi, na ni nadra zaidi mtu wa hadhi hiyo akubali kupanda basi kutoka Mombo huku amepakatishwa jogoo wa abiria mwingine. Kona zote za barabara ile nilizipita nikiwa nimefumba macho, kwa ajili ya tafakuri. Shahada yangu ya uzamivu nilijitunuku mwenyewe baada ya kujitahini kwa ukali mkubwa, na ijulikane kwamba katika mtihani wa mdomo nusura nijifelishe. Hapa huwa napigiwa makofi. Basi, tuendelee.

Mada yetu ni ndoa ya kupangwa na mkuu, yaani zumbe, asiyeeleweka. Kwa wale ambao hawajabahatika kusoma, nitaeleza taratibu. Msichana anaitwa sebuleni na kuarifiwa kwamba ameshaozwa. Bwana harusi ni mtu mkubwa, mtawala wa nchi ya mbali yenye baridi, ukungu na misitu. Sifa mbaya za bwana huyo zimemtangulia: hacheki, ana kovu, inasemekana aliwahi kuua mtu. Msichana analia, anafungasha sanduku moja, anapelekwa. Anafika, bwana hasemi. Zinapita sura kumi za kimya. Kisha inakuja kugundulika kwamba kuna mkono unaoacha maua mlangoni mwake kila alfajiri, kwamba yatima wote wa nchi ile wanalishwa na bwana huyo huyo, na kwamba kovu lenyewe alilipata akimwokoa farasi mgonjwa. Wanapendana mwishoni, wakiwa tayari ni mume na mke, jambo linalowapunguzia ndugu michango ya harusi.

Aina hii ya hadithi inapendwa duniani kote. Wajapani wanaiandika, Wakorea wanaiandika, Waturuki wanaigiza mambo yanayofanana nayo na sisi tunayatia sauti za Kiswahili. Nimearifiwa kwamba hata hapa Lushoto yapo masufuria ya maharage yaliyoungua kwa sababu bwana fulani wa Istanbul alikuwa karibu kutabasamu. Na wataalamu wadogo, ambao nawaheshimu kwa umri wao tu, watawaambia kwamba asili ya mambo haya ni Uingereza.

Hapana. Asili yake ni hapa. Mkuu wa kwanza asiyeeleweka mwenye ndoa ya kupangwa alioa katika milima hii ya Usambara, karne ya 18, na kwa muda wote huo hakuna aliyekuja kuwaeleza mpaka nilipokuja mimi.

Niwaondoe kwanza washindani. Wanamtaja sana bwana Darcy, wa ile riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1813. Nimemchunguza Darcy. Cheo hana, alichonacho ni mjomba mwenye cheo na pauni 10,000 kwa mwaka. Ndoa ya kupangwa hana pia. Ile aliyopangiwa na dada wa mama yake aliikwepa. Na kutoeleweka kwake kote kulianzia kwenye dansi moja ambayo hakutaka kucheza. Mtu amenuna ukumbini, basi, ameandikiwa kitabu! Sasa mlinganisheni na Simbamwene, mfalme wa Washambaa huko Vuga. Wazee wenu waliamini kwamba mvua ya nchi hii iko mikononi mwa mfalme: akitulia na watu wake, kazi yake ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mambo yakiharibika, wakubwa wakigombana, inakuwa kubana shi, nchi inaharibika na njaa inaingia. Darcy akinuna, msichana mmoja anakosa wa kucheza naye. Simbamwene akinuna, mahindi yanakauka kuanzia Mlalo hadi Bumbuli. Niambieni wenyewe ni bwana yupi anastahili kurasa mia tatu.

Naam, nakuja kwa Mbegha, huyo mkuu wa kwanza. Msiwe na haraka, chai bado haijachemka.

Mbegha mnamjua kwa jina, lakini hamjawahi kumsoma kwa macho ya kitaalamu. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotoka kwanza katika chapa ya wamisionari, kikatolewa tena Nairobi miaka ya 1960. Baadaye Mmarekani Steven Feierman aliketi na wazee wenu, akaandika historia nzima ya ufalme wa Washambaa, ikatoka mwaka 1974. Wote wawili walifanya kazi nzuri. Kosa lao ni moja: walidhani wanaandika historia.

Kanuni yangu ya Kwanza, kati ya kanuni kumi na moja, inasema kwamba mkuu asiyeeleweka lazima awe na dosari ya mwili inayowafanya watu wamwogope bure. Wazungu humpa mkuu wao kovu shavuni. Kovu linahitaji vita, upanga, farasi, gharama tupu. Mbegha, kijana wa Ngulu, alipewa meno. Alipokuwa mtoto, ya juu yalitangulia kuota kabla ya ya chini, akawa kigego, na kigego siku zile alihesabiwa kuwa mkosi unaokuja kuwamaliza ndugu zake. Wengi hawakuachwa wakue. Yeye aliachwa. Baba alipofariki, ndugu wakakaa, wakatazama mali, wakatazama meno, wakaona kwamba meno yale hayafai kurithi. Angalieni ubunifu huo, mabibi na mabwana! Riwaya nzima imesimama juu ya ufizi wa mtoto mchanga.

Kanuni ya Pili nairuka kwa kuwa inahusu makoti.

Kanuni ya Tatu inadai uvumi kwamba bwana huyo alisababisha kifo cha mtu. Mbegha alikimbilia Kilindi, akashibana na mtoto wa mkubwa wa huko, wakawa wanakwenda pamoja kuwinda nguruwe. Siku moja nguruwe akamuua yule mtoto wa mkubwa. Mbegha na wenzake walitazamana, wakapiga hesabu ya nani ataaminiwa na nani ataulizwa habari za meno yake, wakaona hakuna haja ya kurudi mjini kutoa maelezo. Wakashika njia ya milimani na mbwa wao na mikuki yao.

Naona shehe amekunja uso kwa habari ya nguruwe. Shehe, ilikuwa karne ya 18, na hapa tunazungumzia fasihi.

Sasa ndipo tunafika kwenye kukutana kwa mara ya kwanza. Katika riwaya za kigeni, wahusika hukutana chini ya taa za fuwele, watumishi wakipita na sinia. Kwetu, watu waliona moshi msituni. Wakaenda kutazama kunani, wakamkuta mtu mkubwa wa mwili, mgeni, mbwa wamemzunguka, anabanika nyama. Na Washambaa walikuwa wakulima, wana migomba, wana unga, wana kila kitu cha shambani na nguruwe wa kukila. Mtu anayewaua nguruwe wanaofukua shamba lako halafu anakuletea nyama yao mlangoni ana ushawishi ambao hata Darcy na pauni zake angeuonea wivu. Wakampa chakula cha shamba, akawapa nyama. Wakamletea magomvi yao, akayaamua. Habari zikatoka Zirai zikaenda Bumbuli, zikatoka Bumbuli zikafika Vuga.

Ningependa nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo utaalamu wangu unapong'aa. Mbegha alikuwa na mbwa wengi, na kiongozi wa mbwa hao aliitwa Chamfumu. Rudieni pamoja nami: Chamfumu. Nimeandika sura mbili juu ya Chamfumu. Nimechunguza uaminifu wake, hamu yake ya kula, na nafasi yake kama alama ya moyo wa Mbegha ambao haukupata wa kuufunulia. Katika rasimu ya riwaya yangu, Ngozi ya Simba, Moyo wa Mtu, ambayo nimeileta na naweza kuwauzia fotokopi, Chamfumu analia machozi katika ukurasa wa 40.

Naam, bibi? Yule bibi mwenye kanga mbili, pale nyuma. Shikamoo. Sijasikia vizuri. Anauliza mke aliitwaje.

Mke, bibi, alikuwa binti wa Wanango, ukoo wa pale Vuga. Katika riwaya yangu nimemwita Binti Nango. Linatosha kabisa, linasomeka vizuri. Tuendelee.

Kanuni ya Sita, kwa kuwa ya Nne na ya Tano nimezieleza tayari bila ninyi kujua, ni kanuni ya maua. Mkuu asiyeeleweka huacha maua mlangoni. Na hapa nataka kuondoa aibu ambayo imekuwa juu ya milima hii tangu mwaka 1892. Mwaka huo alikuwapo mkuu halisi wa Kizungu katika utawala wa Kijerumani, baroni kabisa, Walter von Saint Paul-Illaire. Cheo anacho, ukungu anao, msitu anao. Na maua aliyakuta, yale madogo ya zambarau yanayojishikiza kwenye miamba yenye kivuli. Ndugu zangu, baroni yule aliyachukua maua yale akampelekea baba yake! Mzee naye akampelekea mtaalamu wa mimea huko Hannover, Hermann Wendland, ambaye mwaka 1893 aliyapa jina la kitaalamu kwa heshima ya familia hiyo, Saintpaulia. Leo yamekaa kwenye madirisha ya nyumba za mabibi Ulaya na Marekani, vyunguni. Nafasi moja tu tuliyopata ya baroni kuchuma maua Usambara, na hakuna msichana hata mmoja aliyenufaika. Nimemfuta katika utafiti wangu.

Mbegha hakuacha maua. Aliacha paja la nguruwe. Ningekuwa mimi ndiye msichana, najua ningechagua nini, hasa katika baridi hii.

Turudi kwenye ndoa, maana mmeanza kuangalia birika. Wazee wa Vuga walimtaka Mbegha aje awe mkubwa wao. Safarini akaua simba, jambo ambalo kwa mwandishi wa riwaya ni zawadi, kwa sababu linamwezesha shujaa kufika ukweni akiwa na damu begani na bila maelezo. Jina la Simbamwene likashika, na mpaka leo mnalijua. Kisha wakampa mke. Na yule mke, siku ya kujifungua, alilazwa juu ya ngozi ya simba. Mtoto akawa Buge, na jina la sifa la Simba akalipata kabla hajaota hata jino moja. Mwaona jinsi mtunzi alivyolimaliza suala la meno? Baba alihukumiwa kwa yaliyoota, mtoto akatukuzwa kabla ya kuota. Mtunzi huyo ni ukoo mzima wa Wanango, na sina budi kuwapongeza, ingawa hawakuwa na vyeti.

Katika riwaya yangu usiku wa harusi umechukua sura saba. Ngoja niwasomee kipande. "Zumbe alisimama ukingoni mwa mwamba wa Irente, upepo ukicheza na mgolole wake. Macho yake yalitazama mbali, mbali sana, huko ambako hakuna aliyemwelewa. Binti Nango alimtazama kwa hofu. Alijua kwamba mtu huyu ni mkatili. Lakini, ah, mbona mkono wake ulikuwa ukimbembeleza mbwa kwa upole hivyo?"

Asanteni. Mmenyamaza kwa hisia.

Bibi ameinua mkono tena. Anauliza mtu aliyeoa Vuga alifuata nini Irente. Bibi, alifuata mandhari. Shujaa asiyeeleweka hawezi kusimama mahali pasipo na mandhari. Vuga ningemsimamisha wapi, nyuma ya nyumba ya nyasi? Irente unaona tambarare yote, unaiona Mazinde iko chini kabisa, msomaji anapata kizunguzungu, na kizunguzungu ni nusu ya mapenzi.

Ana swali la nyongeza. Anauliza ni nani hasa ambaye hakumwelewa Mbegha.

Swali la kitoto, lakini nitalijibu. Hakueleweka na watu wa kwao Ngulu.

Anasema hao tumewaacha huko huko. Anauliza hapa.

Hapa... Mwenyekiti, naomba maji. Hapa, kitaalamu, hakueleweka na kila mtu. Ni sharti la aina hii ya riwaya. Asipokosa kueleweka, hatuna sura kumi za kimya.

Sasa bibi amesimama, na kwa kuwa ni mtu mzima siwezi kumkalisha. Nitawatafsiria anachosema kwa lugha ya kitaaluma. Anadai kwamba wazee wa Vuga walimwelewa Mbegha vizuri sana. Anasema walimtazama wakaona mambo haya: ni mgeni, hana ndugu hapa, hana mjomba, hana shamba la ukoo, na anajua kutumia mkuki. Mtu kama huyo ukimpa ukubwa bila kumfunga, kesho anakutawala apendavyo. Basi wakamfunga kwa binti. Akizaa naye mtoto wa kiume, mtoto huyo ni mpwa wa Wanango, na mfalme ajaye atakuwa na wajomba ambao hawezi kuwafukuza kwenye chungu. Anasema kupanga ndoa ile ilikuwa kazi ya watu waliomwelewa mgeni wao mpaka kwenye kucha. Anasema, na hapa namnukuu ingawa si mwanataaluma, kwamba Wanango hawakumpa Mbegha mke, walimchukua Mbegha.

Hoja hiyo haimo katika kanuni zangu kumi na moja. Nimezikagua zote sasa hivi, haimo.

Nakubali kwamba kuna vijambo vidogo vinavyoonekana kuegemea upande wake. Buge alikulia ukubwani Bumbuli, sawa. Mbegha alipofariki, wazee wachache tu walijua, wakaificha habari mpaka Buge alipoletwa akaketishwa, sawa. Ndiyo, siku ile Wanango walikuwa na mpwa wao kitini kabla nchi haijajua kwamba kuna msiba. Lakini haya ni mambo ya utawala. Mimi nawauliza: moyo wa Mbegha ulikuwa wapi? Nani aliuuliza moyo wa Mbegha?

Bibi anauliza nani aliuuliza wa binti.

Mwenyekiti, linda muda.

Naomba nilitazame suala hili kisheria, kwa sababu mbobezi hakimbii. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Hiari! Hamjui kifungu hicho kimewatesa waandishi wa fani yangu kiasi gani. Siku hizi, ukitaka kumwoza mhusika wako kwa lazima sura ya kwanza, inabidi umpeleke nchi ya kubuni yenye theluji, au umrudishe karne ya 18, mahali ambapo sheria haiwezi kumfikia. Ndiyo maana mabaroni wote wa riwaya hizi wanaishi kwenye falme ambazo hazimo kwenye ramani. Msomaji akiuliza "je, aliridhia?" unamwambia huko kwao ndivyo walivyo, halafu unageuza ukurasa haraka. Mimi nilichagua Vuga kwa sababu hiyo hiyo. Sikutegemea kwamba Vuga ina wajukuu, na kwamba wajukuu hao watakuja kwenye mhadhara.

Mzee wa koti la kijani naye? Karibu, mzee. Mzee anasema yeye amekuwa mshenga miaka mingi, amepeleka barua za posa mpaka Mtae, na hajawahi kukutana na bwana asiyeeleweka. Anasema kabla ya posa kujibiwa, upande wa binti huwa wameshajua bwana analipa madeni au halipi, anakunywa au hanywi, mama yake ana mdomo kiasi gani, na babu yake alifia wapi. Anasema asiyeeleweka ni bibi harusi, maana kwake watu huuliza swali moja tu, nalo anaulizwa shangazi.

Mzee, asante. Nitaliweka hilo kwenye tanbihi.

Nimalizie na juzuu ya pili, kwa kuwa kila riwaya ya namna hii huwa na juzuu ya pili, na huwa mbaya. Juzuu ya pili ya Usambara inaitwa Kimweri ye Nyumbai. Huyu alitawala Vuga mpaka alipofariki mwaka 1862, na ndiye aliyeichukua mbinu ya Wanango akaipindua. Kama mke mmoja anamfunga mfalme kwa ukoo mmoja, basi mfalme mwenye wake wa koo nyingi ana wana kila upande, na kila mwana anapelekwa kuwa zumbe. Mfumo ulikwenda. Sauti ya Vuga ilisikika mpaka pwani, ambako hata Sultani wa Zanzibar alilazimika kugawana naye ushawishi. Mmisionari Krapf alipofika mwaka 1848 alimkuta Kimweri katika nguvu hizo.

Halafu akazeeka. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na Speke walipanda kwenda Vuga mwaka 1857, wakitarajia kumwona Simba wa milima, wakamkuta mzee aliyekonda na kuumwa, ambaye alichotaka kwa wageni ni dawa. Hiyo ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote, na naitoa bila kuitia chumvi, jambo ambalo kwangu ni nadra. Mwenye mvua ya nchi nzima ameketi, anamwomba mpita njia dawa ya kumrudishia nguvu. Mimi ningesema hapo ndipo palipo na mkuu asiyeeleweka. Bibi anatikisa kichwa. Anasema wake zake walijua anaumwa, na walijua anaumwa nini.

Baada ya kifo chake wana wakaanza kutazamana. Kiti alipewa mjukuu, Shekulwavu. Lakini Semboja, mtoto wa Kimweri, alikuwa Mazinde, pale chini kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zinapatikana kirahisi kuliko mvua. Akamtoa Shekulwavu Vuga kwa nguvu. Wabondei, waliotawaliwa na Vuga, nao wakaona milango iko wazi, wakawaasi Wakilindi, yaani watawala wa ukoo wa Mbegha. Yote haya kabla miaka ya 1860 haijakwisha. Kila mwana alikuwa na wajomba zake, kila wajomba walikuwa na mpwa wao, na hakuna aliyeshindwa kumwelewa mwenzake hata kidogo. Wangekuwa hawaelewani ingekuwa nafuu. Abdallah bin Hemedi, aliyeziandika habari hizi, alizipata kwa watu waliozishuhudia, ndiyo maana sehemu hiyo ya kitabu chake haina usingizi. Mimi kwenye riwaya yangu nimeiondoa. Wasomaji wa kazi nyepesi hawapendi hesabu za mirathi.

Chai imeiva, naona, na mashavu yenu yamepata uhai. Fotokopi ziko mezani kwa bei ya mtaalamu, na kwa wakazi wa Vuga kuna nyongeza ndogo ya usumbufu. Maswali sipokei tena.

Nimesema sipokei, bibi.

Haya, kwa heshima ya mvi. Bibi anasema atanunua rasimu kwa sharti moja, kwamba Binti Nango aseme kitu, maana amesikiliza sura zote nilizosimulia na msichana hajafungua mdomo isipokuwa kwa kushtuka. Nimemuuliza anataka aseme nini. Amesema aanze kwa kumuuliza mgeni meno yale yalimnyima nini kwao, na anadai nini huku. Na baada ya hapo amwambie kaka zake wanaosikiliza nyuma ya ukuta waondoke, ili wao wawili wapatane bei yao. Akina mama wanacheka. Mshenga anaandika.

Ombi nimelisikia, na mimi ni mtu wa kusikia. Katika toleo la pili, nafasi ikiruhusu, Binti Nango atapewa sentensi moja. Itakuja baada ya mbwa.